Wimbo Uliofungiwa Mlango

Historia ya mataifa huandikwa aghalabu kwa wino wa vita, mikataba na majina ya wakuu. Mambo ambayo watu wa kawaida huyatenda jioni baada ya kazi, kama kusikiliza redio, kwenda sinema au kubishana juu ya mchezo, huachwa kando kama makapi. Lakini iko miaka ambayo mambo hayo hupenya mpaka meza ya waziri, na hapo hudhihirika kuwa hayakuwa madogo. Mwaka 1952 nchini India ulikuwa wa namna hiyo. Serikali changa, ambayo haikuwa imetimiza hata miaka 6 ya uhuru, ilijaribu kuwachagulia watu wake nyimbo za kusikiliza. Insha hii yaeleza jaribio hilo, sababu zake na mwisho wake. Ndani yake mna swali ambalo kila taifa lililopata uhuru limelikabili: ni nani mwenye haki ya kusema kuwa huu ni utamaduni wetu na ule sio?

Hatuwezi kuufahamu ugomvi huu pasipo kujua kwanza wimbo wa filamu ulikuwa kitu gani. Filamu ndefu ya kwanza ya Kihindi, Raja Harishchandra ya Dadasaheb Phalke, ilionyeshwa mwaka 1913 nayo ilikuwa bubu. Sauti iliingia mwezi Machi 1931, wakati Ardeshir Irani alipoonyesha Alam Ara katika sinema ya Majestic mjini Bombay. Filamu hiyo ilikuwa na nyimbo 7. Mwaka uliofuata ilitoka Indra Sabha, na hiyo ilikuwa na nyimbo kadiri ya 70. Wingi huu haukuzuka ghafula. Jukwaa la Waparsi wa Bombay lilikwisha wazoesha watazamaji mchezo ambao ndani yake mna hadithi, ngoma na ushairi pamoja, wala haikuwapitikia kuwa mapenzi au msiba waweza kusimuliwa pasipo kuimbwa.

Mwaka 1935 lilitokea jambo jingine huko Calcutta. Mafundi walianza kurekodi wimbo kwanza kwa sauti ya mwimbaji hodari, kisha mchezaji akafumbua kinywa tu mbele ya kamera. Tangu hapo sauti iliachana na uso. Waimbaji kama Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi walijulikana na watu wengi ambao hawakupata kuwaona. Wimbo nao ulipata maisha yake nje ya filamu. Ulisikika katika santuri, ukaimbwa arusini, ukapigwa kwa mluzi na vijana njiani, na mtu ambaye hakuwa na nauli ya kwenda sinema aliujua kwa moyo. Watungaji wake walichota kila kisimani: raga za kale, nyimbo za wakulima wa Punjab na Bengal, kawali, fidla za Ulaya na mapigo ya Amerika ya Kilatini. Wapenzi wake waliuona kuwa ni hazina. Wakosoaji wake waliuona kuwa ni pilau iliyotiwa kila kiungo, hata ladha ya wali ikapotea.

Miongoni mwa wakosoaji hao alikuwa Dakta B. V. Keskar, aliyekuwa Waziri wa Habari na Utangazaji kutoka mwaka 1952 mpaka 1962. Hakuwa mtu mjinga wala mwenye choyo. Alisoma Paris, alishiriki katika harakati za uhuru, na yeye mwenyewe alijifunza kuimba kwa mtindo wa dhrupad, ulio mkongwe na mzito kuliko mitindo mingi ya kaskazini ya nchi yake. Aliamini kuwa muziki huo mkuu umo hatarini, na kwa hilo hakukosea. Kwa karne nyingi wanamuziki walilishwa na makasri ya wafalme wadogo wa Bara Hindi. Uhuru ulipokuja na falme hizo kuunganishwa na dola, mikono iliyowalisha ilifungwa. Ni nani angewatunza sasa, kama si redio ya taifa?

Lakini pendo la Keskar lilikuwa na upande wake wa giza. Aliwalaumu Waingereza kwa kuupuuza muziki huo, na pia aliwalaumu mafundi wa Kiislamu wa kaskazini kuwa waliupotosha na kuufanya siri ya koo zao. Hata mchezo wa kriketi haukumpendeza. Katika siku za kukaribia uhuru alisema kuwa kriketi ni mche wa Kiingereza, uliokuzwa na lugha na utawala wa Kiingereza, na ya kuwa watawala wakiondoka, mchezo nao utakufa. Twaona hapa mtu aliyeamini kuwa vitu vina asili moja tu, na kuwa kitu kilichoingia kwa mlango wa mgeni hakina budi kutoka kwa mlango huo huo.

Redio aliyokabidhiwa, All India Radio, ilikuwa mali ya serikali pekee. Wakati wa uhuru mwaka 1947 ilikuwa na vituo 6, na matangazo yake yaliwafikia watu 11 tu katika kila 100. Tabia ya kuchagua kilicho safi na kukataa kilicho najisi haikuanza na Keskar. Tangu mwaka 1940, zamani za Waingereza, redio hiyo ilikwisha piga marufuku kinanda cha harmonia, kwa hoja kuwa sauti zake zilizokatika haziwezi kuteleza kutoka noti mpaka noti kama uimbaji wa Kihindi utakavyo. Keskar aliendeleza njia hiyo kwa nguvu mpya. Aliamuru nyimbo za filamu zipunguzwe mpaka sehemu 1 kwa 10 ya muda wa muziki, zichujwe kabla ya kupigwa, na jina la filamu lisitajwe, kwa kuwa kulitaja ni kumtangazia mfanyabiashara bidhaa yake bure. Wenye filamu walikasirika, wakaiondolea redio ruhusa ya kupiga nyimbo zao. Haukupita muda mrefu wimbo wa filamu ukatoweka karibu kabisa katika redio ya taifa. Mlango ulifungwa kutoka pande zote mbili.

Sikio la msikilizaji, hata hivyo, halina kufuli. Kusini ya India kiko kisiwa cha Ceylon, ambacho tangu mwaka 1972 huitwa Sri Lanka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliweka huko mitambo yenye nguvu ya masafa mafupi, ili kuwatangazia askari wao wa Asia ya Kusini Mashariki. Vita vilipokwisha mitambo ilibaki mikononi mwa serikali ya kisiwa, nayo mwaka 1950 ikaanzisha matangazo ya biashara. Hivyo mitambo iliyojengwa kwa ajili ya vita ilitumika kupeleka nyimbo za mapenzi katika nchi ambayo waziri wake hakuzitaka.

Tarehe 3 Desemba 1952, siku ya Jumatano jioni, Radio Ceylon ilirusha kwa mara ya kwanza kipindi cha Binaca Geetmala, kilicholipiwa na kampuni iliyouza dawa ya meno ya jina hilo. Mtangazaji wake, Ameen Sayani, alikuwa kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Kipindi kilirekodiwa Bombay, kisha kanda zikapelekwa Colombo, na kutoka huko sauti ikarudi kwa mawimbi mpaka India. Nyimbo zilizoimbwa Bombay zilivuka bahari ili zisikike Bombay! Mwanzoni zilipigwa nyimbo 7 kwa kila kipindi. Baadaye zikapangwa kwa daraja, kutoka ya chini mpaka ya kwanza, watu wakangoja wimbo wa mwisho kama wangojao matokeo ya uchaguzi. Barua zilimiminika kwa maelfu. Jhumri Telaiya, mji mdogo wa machimbo ya ulanga ambao leo umo katika jimbo la Jharkhand, ulipata sifa nchi nzima kwa sababu moja tu: wakazi wake waliandika bila kuchoka kuomba nyimbo. Mji usiokuwa na kasri wala vita vya kukumbukwa uliingia katika kumbukumbu za watu kwa kadi za posta. Mzaha mmoja ulirudiwa sana siku hizo: katika kila nyumba 10 zenye redio, 9 husikiliza Ceylon, na redio ya nyumba ya 10 ni mbovu.

Yafaa tuitazame lugha ya Sayani. Wakati ule redio ya serikali ilikuwa ikisoma habari kwa Kihindi kilichojaa maneno ya Kisanskriti, ambacho wasikilizaji wengi walilalamika kuwa hawakielewi. Sayani aliwaita wasikilizaji dada na kaka, akasema nao kwa lugha nyepesi ya sokoni, ambamo Kihindi na Kiurdu hukaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Ujuzi huo aliupata nyumbani. Mama yake, Kulsum Sayani, alihariri gazeti la Rahber kwa ajili ya watu wazima waliokuwa wamejifunza kusoma karibuni, nalo lilichapwa kwa hati tatu: ya Kihindi, ya Kiurdu na ya Kigujarati. Mashairi ya filamu nayo yalitungwa kwa wingi na washairi wa Kiurdu, kama Sahir Ludhianvi na Majrooh Sultanpuri. Nchi ilikuwa imegawanyika mwaka 1947 kwa damu nyingi, na Kiurdu kilikuwa kikitazamwa na wengine kama lugha ya waliohama. Kwa hiyo ugomvi wa nyimbo haukuwa wa nyimbo peke yake. Wimbo wa filamu uliendelea kusema kwa lugha ya pamoja, katika siku ambazo wengi waliokuwa na mamlaka walitaka lugha hiyo itenganishwe.

Mwaka huo huo wa 1952 ulitoa jibu ambalo hakuna mwanasheria angaliweza kulitoa vizuri zaidi. Ilitoka filamu ya Baiju Bawra, hadithi ya mwimbaji wa zama za Akbar, na nyimbo zake zilijengwa juu ya raga. Ustadi Amir Khan na D. V. Paluskar, mabingwa wa muziki wa kale, waliimba ndani yake. Wimbo mmoja wa ibada ya Kihindu uliomo humo uliwaliza waumini wengi. Aliyetunga sauti yake ni Naushad, aliyeandika maneno ni Shakeel Badayuni, na aliyeimba ni Mohammed Rafi, na wote watatu walikuwa Waislamu. Kile ambacho waziri alikitafuta, yaani raga katika masikio ya umma, kilikuwa kikienda chenyewe kwa miguu yake katika kumbi za sinema, kikichukuliwa na watu wa jamaa ile ile iliyolaumiwa kukipotosha.

Kriketi nayo haikufa. Mnamo Februari 1952, mjini Madras, timu ya India iliishinda Uingereza kwa mara ya kwanza katika mchezo wa daraja la taifa kwa taifa, kwa zamu nzima ya kupiga na mikimbio 8 zaidi. Vinoo Mankad peke yake aliwatoa wapigaji 12. Waingereza walikuwa wamekwisha ondoka, na mchezo wao ulibaki, ukabadili wenyewe. Tarehe 25 Juni 1983, India ilipotwaa Kombe la Dunia katika uwanja wa Lord's mjini London, hakuna aliyekumbuka kuuliza kama mchezo huo ni wa kigeni.

Mwisho wa habari hii haukukawia. Wasikilizaji walikuwa wamehama, na fedha za matangazo ya biashara zilikwenda Colombo. Tarehe 3 Oktoba 1957 All India Radio ilianzisha idhaa mpya ya burudani, Vividh Bharati, ikazirudisha nyimbo za filamu chini ya waziri yule yule aliyezifukuza. Mwaka 1967 idhaa hiyo ilianza kupokea matangazo ya biashara pia. Kipindi cha Sayani kiliendelea Ceylon zaidi ya miaka 30, na mwaka 1989 kilihamia Vividh Bharati yenyewe. Mtangazaji huyo alifariki Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 91.

Lakini haki yataka tumpe Keskar stahili yake. Chini yake, tangu Julai 1952, redio ilikuwa na kipindi cha taifa cha muziki wa kale. Wanamuziki wengi waliopoteza makasri walipata mshahara, na kijana wa mji mdogo aliweza kumsikia fundi ambaye zamani aliimba mbele ya mfalme na wageni wake tu. Kazi hiyo ilidumu. Alipotoa, alifaulu, aliponyima, alishindwa. Fedha za umma zaweza kukiokoa kitu kinachokufa, lakini amri haiwezi kukiua kitu ambacho watu wamekwisha kukipenda.

Habari hii si ya mbali nasi kama ramani ionyeshavyo. Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili, miaka 3 kabla ya filamu za Kihindi kupata sauti. Baadaye filamu hizo ziliposhika kumbi za Unguja na Mombasa, waimbaji wetu walisikiliza, wakachukua sauti na kuzitia maneno yao. Juma Bhalo wa Mombasa alijipatia sifa kubwa kwa njia hiyo. Wako walionung'unika kuwa huko ni kuazima nguo ya jirani. Lakini sauti iliyotoka Bombay ilipofika pwani ilikuta mizani, vina na mafumbo yakiingoja, ikavaa kanzu na kilemba, na watoto waliozaliwa baadaye waliipokea kuwa ni urithi.

Mlezi wa utamaduni afanana na mkulima wa mpakani. Akitaka shamba lake listawi, na apande, apalilie, na amwagilie. Akiacha jembe akashinda kutwa akifukuza ndege wa jirani, jua litakuchwa shamba halijalimwa, na ndege watakuwa wamekwisha jenga viota katika miti yake.