Mwambao wa Ziwa Victoria una kilomita ngapi?

Mwaka 2012 watu wa Runzewe, wilayani Bukombe, walitoka mkoa wa Shinyanga wakaingia Geita bila kubeba hata kigoda. Kilichohama ni mstari wa kwenye ramani. Mstari wa namna hiyo unapimika. Sasa panda kaskazini hadi Ghuba ya Emin Pasha, upande wa Chato, ukapime mwambao wa ziwa. Hapo hesabu inagoma. Wengine wameandika kilomita 3,440, wengine zaidi ya 7,000 visiwa vikiwemo. Ajabu, eneo la maji, kama kilomita za mraba 68,800, halina ugomvi huo.

Nani kakosea? Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875 alichora rasi na ghuba kubwa, vihori vidogo akavipita. Setilaiti inaviona. Ukishuka na fimbo fupi utakutana na kila jiwe, na urefu unazidi tu. Mwingereza Lewis Fry Richardson aligundua vurugu hii kwenye mipaka ya nchi. Benoit Mandelbrot akaiandikia makala mwaka 1967, na 1975 akayaita maumbo haya fraktali.

Kumbe kipimo kilikuwepo tangu 1918. Felix Hausdorff, mwanahisabati wa Kijerumani aliyeandika pia fasihi kwa jina la Paul Mongré (Myahudi, alijiua Bonn mwaka 1942 pamoja na mkewe na shemeji yake, kambi ikiwangoja), alikubali dimensheni isiyo namba kamili. Kata fimbo nusu: mstari ulionyooka utataka fimbo mara mbili. Uwanja, ukikata hivyo upande wa kigae, utataka vigae mara nne. Mwambao wenye vihori unaangukia katikati.

Na kipimo hiki ni kigumu kuharibu. Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa, hivyo kila mchora ramani huvuta huku na kubana kule. Urefu unabadilika. Lakini mgeuzo ukiwa laini na unarudishika, kuvuta na kubana kuna kikomo, na dimensheni inabaki ileile. Mgeuzo laini usiorudishika, kama kivuli, unaweza kuishusha, kuipandisha hauwezi. Ulaini ukikosekana ndo mambo huharibika: vumbi la Cantor, dimensheni 0.63 hivi, linaweza kutandazwa bila kuchanwa likajaza mstari mzima.

Kwa hiyo sioni shida na ramani iliyopinda. Ya Stanley ina tatizo jingine, maana kuruka kihori si kukivuta wala kukibana, ni kukifuta. Na wavuvi huweka mialo yao humohumo, kwenye vihori vyenye maji yaliyotulia.