TAMTHILIA SI TAREKH: MANENO YA BARAZA ZA UJIJI



Ukifika Ujiji siku za mbalamwezi, ambazo wavuvi wa dagaa hawatoki na taa zao ziwani, utazikuta baraza zimejaa baada ya sala ya Isha. Zamani maneno yalikuwa bei ya mawese, mvua, na khabari za ng'ambo ya Kongo. Hayo yangalipo, lakini yamepata mwenzao, nayo ni tamthilia. Mmoja atauliza, "Jana mmeona alivyofanya yule mwanamke?" na wote waliokaa wanajua ni mwanamke gani anayetajwa. Ndani ya nyumba akina mama nao wana baraza yao, na hukumu wanazozitoa huko ni kali kuliko za kadhi.

Sikukusudia leo kueleza uhalali wa televisheni au uharamu wake. Hayo yamesemwa na kuandikwa, na kila nyumba imekwisha kuchagua njia yake. Nataka kueleza tarekh ya jambo lenyewe, yaani namna watu walivyokuwa wakisimuliana visa na kuvihukumu, na kwa nini maneno tunayoyasema baada ya kutazama yana uzito kuliko tunavyodhani.

USIMULIZI NI MKONGWE

Imepokewa kwamba Sahaba Tamim ad-Dari alimwomba Sayyidna Umar ruhusa ya kuwasimulia watu visa vya mawaidha, na baada ya kukataliwa mwanzo akaja kupewa. Baada ya zama hizo wasimulizi walikuwa wengi, katika Baghdad na miji mingine. Walikuwa hodari wa kuliza na kuchekesha, na watu waliwajalia kuliko walivyowajalia wanazuoni. Lakini baadhi yao walichanganya la kweli na la kutunga. Ndipo Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 597 wa Hijra (1201), akaandika kitabu kizima juu ya wasimulizi, na karne tatu baadaye Suyuti, aliyefariki mwaka 911 (1505), akaandika kingine cha kutahadharisha na uwongo wao. Wazee hao hawakusema visa vyote vitupwe. Walimtaka mwenye kusimulia ajibu swali moja tu: umeipata kwa nani?

Swali hilo watu wa Ujiji walikuwa wakilijua vizuri. Mji wetu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Bagamoyo, na khabari ilikuwa bidhaa kama pembe na chumvi ya Uvinza. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi mwaka 1871 akafika Ujiji Novemba. Khabari iliyokwenda mwendo wa namna hiyo ilifika imezeeka, imepita vinywa vingi, na kila kinywa kimeitia chumvi yake. Kwa hiyo mwenye busara alimwuliza mleta khabari: umeona kwa macho yako au umesikia?

REDIO ILIPOINGIA NYUMBANI

Redio iliondoa mwendo wa miezi. Michezo ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikilizwa na watu wengi kwa redio moja, na baada yake kila mtu alikuwa na neno. Mfano mkubwa ni mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake njiani na mke nyumbani. Mkewe, Tunu, alivumilia mpaka akachoka, akaamua kujitegemea. Mkwaju mwisho wake akaangamia kwa ukimwi.

Mchezo ule ulikusudiwa kufundisha, na wataalamu walichunguza kama umefundisha. Mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo huo mpaka mwaka 1995, wakapata kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Waliona kwamba faida haikutoka kwenye redio peke yake, bali kwenye mazungumzo yaliyofuata. Mume na mke ambao hawakuwa wakithubutu kutaja uzazi na maradhi hayo waliweza kuyataja kwa kumtaja Mkwaju. Mke alisema, "Huyu Mkwaju ana mwisho mbaya," na mume akafahamu anaambiwa nini. Basi tusiseme kwamba kuzungumza tamthilia ni upuuzi mtupu. Kisa cha mtu asiyekuwapo chaweza kumfungua ulimi mtu aliyepo.

TELEVISHENI NA LUGHA YETU

Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, na Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Tanzania Bara ilikaa mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo, na hata baadaye, vijana walikwenda kwenye mabanda ya video, na picha nyingi zilikuwa za lugha wasizozijua. Aliyekuwa hajui lugha alitazama ngumi na nyimbo, na maneno akajitungia mwenyewe.

Mlango ulifunguka picha zilipoanza kutiwa sauti za Kiswahili. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikisema Kiswahili. Ilipendwa hata Rais Xi Jinping wa China, alipohutubia Dar es Salaam mwezi wa Machi 2013, akaitaja katika hotuba yake. Si ajabu. Ugomvi wa mke na mama mkwe hauna haja ya kufasiriwa.

Kisha Azam, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2013, ikatuletea ya Waturuki kwa Kiswahili. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Doudou ni mtu wa kutungwa, umseme utakavyo. Lakini tamthilia ya Sultan inamhusu Sultan Suleiman bin Selim, aliyetawala kuanzia mwaka 1520 mpaka 1566, na mkewe Hürrem, na mwanawe Mustafa, na waziri wake Ibrahim. Hawa ni watu waliozaliwa, wakasali, wakafa, na makaburi yao yako. Na sisi kila usiku tunawahukumu.

YALE YALIYOTOKEA NA YALE YALIYOCHEZWA

Yaliyothibiti ni haya. Ibrahim Pasha aliuawa kwa amri ya Sultan mwaka 1536. Mwana wa Sultan, Mustafa, aliyependwa na askari, aliitwa katika kambi ya baba yake mwaka 1553 akanyongwa humo. Watu walimlilia, na washairi wakamtungia tenzi za maombolezo ingawa jambo hilo lilikuwa la khatari. Mwaka 2014, tamthilia ilipofika kwenye kifo hicho, watu wa Uturuki walimiminika kuzuru kaburi lake mjini Bursa, kana kwamba amekufa wiki ile.

Ama nani aliyechochea, hapo khitilafu ipo. Watu wa zama zile walimtuhumu Hürrem na mkwewe Rüstem Pasha. Lakini sehemu kubwa ya maneno ya ndani ya nyumba ya Sultan imetufikia kwa mabalozi wa Ulaya, ambao mlango wa nyumba hiyo hawakuuvuka. Waliandika waliyosikia mjini. Aliyetunga tamthilia ameyachukua hayo, akayajaza maneno ya faragha yasiyosikiwa na mtu, akampa msichana mzuri ayaseme. Sisi tukasema, "Tumemwona."

Na lililothibiti kwa Hürrem ni lipi? Ni waqfu zake. Alijenga msikiti, chuo na hospitali Istanbul, na katika Baytul Maqdis akaweka, kwenye mwaka 1552, jiko la kulisha mamia ya maskini. Nimewauliza wengi wanaomjua kwa hila zake, na sijampata anayemjua kwa chakula chake.

Waturuki wenyewe waligombana juu ya tamthilia hii. Mwezi wa Novemba mwaka 2012 Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliilaumu hadharani, akisema kwamba Suleiman alitumia umri wake juu ya farasi vitani, siyo kama alivyoonyeshwa. Wengine wakamjibu kwamba mchezo ni mchezo. Tamthilia ya Ertuğrul ikaja kama upande wa pili, na wengi kwetu wakaona hiyo ndiyo tarekh safi. Lakini nayo ipimwe kwa mizani ile ile. Yanayojulikana kwa yakini juu ya Ertuğrul hayajazi kurasa mbili: jina lake liko katika sarafu ya mwanawe Othman, na vitabu vya mwanzo vya ukoo huo viliandikwa baada ya miaka zaidi ya mia. Tamthilia ina misimu mitano. Kinachotupendeza hakiwi kweli kwa sababu kimetupendeza.

Tena nasema jambo linalotuhusu sisi wa mwambao. Baada ya zama za Suleiman, mwaka 1585, nahodha wa Kituruki aitwaye Mir Ali Bey aliingia pwani yetu, akapokewa katika miji ya Waislamu waliochoshwa na Wareno, na mwaka 1589 akakamatwa Mombasa. Watoto wetu wanazijua hila zote za nyumba ya Sultan, na khabari ya Waturuki waliokanyaga mchanga wa Mombasa hawana.

UJIJI NAYO ILICHEZWA

Mwenye kudhani kwamba haya ni ya Istanbul tu, na aangalie mji wetu. Hapa Ujiji uko mnara wa kukutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Neno alilodai Stanley kuwa alimwambia Livingstone limejulikana dunia nzima. Lakini katika daftari la Stanley ukurasa wa siku hiyo umechanwa, na wako wanazuoni wanaoona kwamba neno hilo alilitunga baadaye. Hata tarehe haikuafikiana: Stanley ameandika Novemba, na Livingstone ameweka Oktoba. Mwaka 1939 Marekani wakatengeneza sinema ya kisa hicho, na Ujiji ikawa pazia la nyuma ya Wazungu wawili.

Ni nani aliyemfikisha Livingstone Ujiji mara ya kwanza, mwaka 1869, akiwa taabani na amebebwa? Ni mfanyabiashara Muhammad bin Gharib, aliyemwuguza njiani. Livingstone mwenyewe ameandika wema wake. Lakini nasi tusichague la kutupendeza tu. Wafanyabiashara wa wakati huo walifanya biashara ya pembe na ya watu, na katika mwaka huo wa 1871 Livingstone alishuhudia mauaji ya soko la Nyangwe, upande wa Manyema, yaliyofanywa na watu wa misafara hiyo. Wengi wetu hapa Ujiji ni wajukuu wa walioletwa kutoka huko. Tarekh ya kweli ina wema wa Muhammad bin Gharib na ina damu ya Nyangwe, na anayeificha mojawapo amefanya kazi ya mtunga tamthilia.

Na meli ya Liemba, iliyobeba bibi zetu na magunia yao ya dagaa, nayo imechezwa. Mwingereza aliandika hadithi mwaka 1935, na sinema yake, The African Queen, ikatoka mwaka 1951. Humo meli ya Wajerumani inalipuliwa na mashujaa wawili. Yaliyotokea ni kwamba Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwaka 1916, wakiwa wamepaka mitambo yake mafuta mazito isiharibike. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kama meli tuliyoipanda sisi yaweza kusimuliwa hivyo, itakuwaje nyumba ya Sultan tusiyoingia?

MIZANI YA BARAZANI

Basi ndugu zangu, na nyinyi mama zetu na dada zetu, simwambii mtu azime. Namwomba mwenye kuzungumza tamthilia ashike mambo matatu.

La kwanza, kama watu wake ni wa kutungwa, wazungumzeni kwa faida, kama waliosikiliza kisa cha Mkwaju. Lakini msilifanye jina la mchezoni kuwa fimbo ya kumchapia jirani. Mke wa mtu kuitwa "Hürrem" mtaani ni kumsengenya kwa lugha mpya.

La pili, kama watu wake waliishi kweli, kumbukeni kwamba Mtume (s.a.w.) ametukataza kuwatukana waliokufa, kwa kuwa wamekwisha kuyakuta waliyoyatanguliza. Muigizaji akishakulipwa anakwenda nyumbani kwake. Maneno tuliyomtupia mwenye jina yanabaki katika daftari letu sisi.

La tatu, katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuipeleleza khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Mtoto akiuliza, "Babu, kweli Sultan alimwua mwanawe?" asijibiwe, "Si umeona?" Ajibiwe lililothibiti, aambiwe lenye shaka kuwa ni la shaka, na asiyejua aseme sijui, aende akatafute kitabu au mwenye kujua. Tamthilia ikimfanya mtoto aulize, imefanya kazi nzuri. Iliyobaki ni ya mkubwa aliyekaa karibu naye, ambaye akijibu kwa kubahatisha, mtoto huyo atakua akihukumu walio hai kwa namna alivyofundishwa kuwahukumu wafu.

Wabillahi tawfiq.