Kutoka Ndege ya Pangaboi hadi Unahodha wa Jeti

Rubani anayehudumia Bonde la Kilombero kwa ndege ndogo ya pangaboi, akitua kiwanja cha Ifakara, hahamii jeti kwa uzoefu huo pekee. Leseni ya juu ya urubani wa abiria, inayotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, huhitaji walau saa 1,500 za kuruka. Kila aina ya ndege ina idhini yake. Hata nahodha wa Q400 ya Air Tanzania, yenye viti 76, husomea upya Airbus A220-300 yenye viti 132: darasani, kwenye simyuleta, kisha angani chini ya mkufunzi. Kasi ya jeti hudai ushukaji upangwe mapema zaidi. Asiyefaulu upimaji hakabidhiwi abiria, awe nahodha wa miaka mingi au la.