Kwani ulifeli? Historia ya dharau kwa msumeno

Wasee, tuseme ukweli. Mtu akitangaza anaenda kusomea sheria, kijiji kizima kinapiga makofi. Akisema anaweka akiba anunue msumeno wa meza wa kabati, aufunge kwa karakana nyuma ya nyumba, anaulizwa, "Kwani ulifeli?" Mimi niliacha chuo, so hilo swali nalijua. Lakini dharau hii haikuanza juzi, na kwetu huku Wamagana chanzo chake hakiko mbali.

Misheni ya Kiskoti ilianza Tumutumu mwaka 1908. Pamoja na kusoma na Biblia, kukawa na useremala. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ikaanzisha Native Industrial Training Depot huko Kabete, Waafrika wafunzwe useremala, uashi na uhunzi. Mwaka huo huo Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikishauri elimu ya Mwafrika iegemee kilimo na kazi za mikono. Sasa elewa: msumeno wenyewe haukuwa na shida. Shida ni kwamba uliwekwa kama dari. Fika hapa, usipite.

Babu zetu walisoma hiyo picha vizuri. Walijenga shule zao huru, na mwaka 1939 wakafungua chuo chao cha walimu Githunguri. Serikali ilizifunga shule hizo wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa 1952. Watu waliumia kwa sababu ya kalamu, na hiyo heshima siwezi kuigusa. Ila kuna kitu kilibaki kwa akili zetu: kalamu ni uhuru, randa ni ya waliobaki nyuma.

Hata Nyeri Mjini unaiona. Kimathi Institute of Technology ilizaliwa kwa harambee ya 1972, wananchi wakichanga ili vijana wapate ufundi. Mwaka 2012 ikapewa hati ya chuo kikuu. Ni jambo zuri, lakini angalia tunavyopanda: kila ngazi inatuondoa kwa benchi ya fundi.

Na ukidharau kazi, utaifanyia na vifaa vya kubahatisha. Karakana nyingi za barabarani zina meza ya mbao, mota chini, mkanda, na diski inayozunguka bila kifuniko. Reli ya kuongoza mbao ni ubao uliobanwa kwa mkono. Ikikaa upande kidogo, mbao inabana diski kwa nyuma na inarushwa kwako. Vidole vinaenda hivyo. Tunasema "ni ajali ya kazi", halafu tunaendelea.

Mwaka ule ule wa Githunguri, 1939, kampuni ya Delta huko Marekani ilitoa Unisaw, babu wa misumeno ya kabati ya leo. Mota na mikanda viko ndani ya kabati. Meza ni ya chuma cha kusubu, nzito, haitetemeki. Mfumo unaoshika diski umefungwa kwa kabati yenyewe, si kwa meza, kwa hivyo ni rahisi kunyoosha diski iwe sambamba na reli, na inabaki hivyo. Mashine za sasa zina pia kisu chembamba nyuma ya diski kinachozuia mbao isibane. Mwaka 2004 SawStop walianza kuuza msumeno unaohisi ngozi na kusimamisha diski kwa milisekunde chache.

Bei ni kali, sikatai. Lakini ya nguvu farasi 3 inaweza kutumia umeme wa kawaida wa nyumbani wa volti 240, bora fundi wa stima akuwekee laini yake peke yake. Na mukima tunayo kwa mashamba yetu. Ukiipasua sawasawa, droo inaingia bila kupigwa nyundo, na mteja halazimiki kwenda Nairobi.

Babu zetu hawakupigania tuogope msumeno. Walipigania mtu asituchagulie. Kwa hivyo rafiki yako akikuonyesha mashine anayotaka kununua, usimuulize kama alifeli. Muulize kama ina kile kisu cha nyuma.