Barakoa, Mfuko na Mikono ya Mkunga: Vifaa vya Kumsaidia Mtoto Mchanga Kupumua, kutoka Haydom hadi Mulago, 2009–2020

Historia ya vifaa vya tiba barani Afrika aghalabu huandikwa kama historia ya kuwasili: kifaa hubuniwa Ulaya, huletwa hospitalini, na vifo hupungua. Sehemu hii inauhoji usimulizi huo kwa kuangalia vifaa viwili vya kumpatia hewa mtoto mchanga asiyepumua mara baada ya kuzaliwa.

Cha kwanza ni mfuko unaojijaza hewa wenyewe, uliofungwa kwenye barakoa ya kufunika pua na mdomo. Ulibuniwa Denmark na Henning Ruben akishirikiana na Holger Hesse, ukatolewa mwaka 1956. Hauhitaji umeme wala mtungi wa gesi. Ndiyo sababu umedumu katika hospitali zenye uhaba. Cha pili ni barakoa ya zoloto, iliyobuniwa na Archie Brain jijini London mwaka 1981 kwa wagonjwa waliopewa nusukaputi. Hii huingizwa mdomoni hadi ikae juu ya mlango wa njia ya hewa.

Ugumu wa barakoa ya uso unajulikana kwa kila mkunga. Uso wa mtoto ni mdogo na umelowa; mkono mmoja lazima ushikilie barakoa na kuinua taya huku mwingine ukiminya mfuko. Kidole kikilegea, hewa huvuja pembeni na kifua hakiinuki.

Hata hivyo, ushahidi wa Tanzania hauelekezi kwenye kifaa. Mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua yalipoanza katika hospitali nane mwaka 2009, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyoripotiwa mwaka 2013. Katika kipindi hichohicho, matumizi ya mfuko na barakoa yalishuka kutoka asilimia 8.2 hadi 5.2, ilhali kuwachangamsha watoto kwa kuwakausha na kuwasugua kulipanda kutoka asilimia 47 hadi 88. Utafiti huo ulilinganisha kabla na baada, bila kundi la ulinganisho, kwa hiyo takwimu yake isibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, inatoa tahadhari nyingine: mafunzo ya siku moja yaliboresha utendaji mbele ya mwanasesere, si mbele ya mtoto halisi. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara, wodini penyewe, ndiyo yaliyoambatana na kushuka kwa vifo vya saa 24 kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Barakoa ya zoloto iliingia katika mjadala huu kupitia Hospitali ya Mulago, Kampala. Jaribio dogo la watoto 49, lililochapishwa mwaka 2018, lilileta matumaini: waliowekewa barakoa hiyo walianza kupumua wenyewe kwa wastani wa sekunde 153, dhidi ya 216 kwa barakoa ya uso. Jaribio kubwa lililofuata, lililochapishwa mwaka 2020, lilichambua watoto 1,154. Kifo au madhara makubwa ya ubongo yaliwapata asilimia 27.4 ya kundi la barakoa ya zoloto na asilimia 24.4 ya kundi la barakoa ya uso. Kitakwimu, tofauti hiyo haikuthibitisha ubora wa upande wowote.

Ni rahisi kuyaita matokeo hayo kushindwa. Mtazamo wangu ni tofauti. Waliokiingiza kifaa hicho walikuwa wakunga, na kilionekana salama mikononi mwao. Kuingiza kitu kooni mwa mtoto mchanga si kazi ambayo wakunga wamezoea kukabidhiwa. Jambo hilo pekee linastahili nafasi katika historia ya taaluma yao. La pili ni zito zaidi. Takriban mtoto mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba, kifaa kiwe kipi. Sekunde 153 na 216 zilihesabiwa baada ya mtoto kutoka. Saa ambazo mama alikaa katika uchungu, au akisubiri upasuaji, hazimo katika hesabu hiyo.

Kwa sababu hiyo sura inayofuata inarudi nyuma ya kuzaliwa, kwenye patografu ya Philpott na Castle, iliyochapishwa mwaka 1972 kutokana na kazi yao Rhodesia, na kwenye swali la nani aliyeijaza.