Mbuzi wa Noheli: Sikukuu ya Familia kama Chanzo cha Nasaba Biryogo

Anayetaka kuandika historia ya ukoo wake kwa kawaida huanza na karatasi: cheti cha kuzaliwa, kitabu cha ubatizo, cheti cha ndoa, kitambulisho. Kwa familia nyingi za Biryogo njia hiyo haifiki mbali. Karatasi ni chache, majina hayafuatani, na mwaka 1994 uliondoka na watu pamoja na masanduku yao. Katika insha hii ninadai kwamba kuna chanzo kingine ambacho sisi wanafunzi wa historia hukipita bila kukitazama, nacho ni desturi za sikukuu. Nani huchinja, nani hupelekewa chakula, nani hutajwa kabla ya kula: hayo yote ni kumbukumbu za undugu. Yanaweza kusomwa kama hati, kwa kuuliza nani aliyaanzisha, lini, na kwa sababu gani. Mfano wangu ni Noheli ya upande wa mama, inayofanyika kila mwaka nyumbani kwa bibi, Biryogo.

Huenda msomaji akashangaa kusikia habari za Noheli katika mtaa unaojulikana Rwanda nzima kuwa mtaa wa Waswahili, yaani Waislamu. Jibu limo katika historia ya mtaa wenyewe. Mji wa Kigali ulianzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907. Pamoja na utawala wa Wajerumani walikuja askari, makarani, wapagazi na wafanyabiashara kutoka pwani, Tabora na Ujiji. Wengi wao walikuwa Waislamu, na lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Msikiti wa Al-Fat'h, ambao watu huuita msikiti wa kijani, ulijengwa Biryogo mwaka 1913. Mwaka huohuo ndio unaotajwa kuwa mwanzo wa parokia ya Sainte-Famille, upande wa pili wa mji. Wabelgiji walipowaondoa Wajerumani mwaka 1916, Waislamu wa mijini walitengewa makazi yao yaliyoitwa kambi za Waswahili. Wakati huo elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, hasa ya Mababa Weupe waliofika Save mwaka 1900. Mfalme Mutara III Rudahigwa mwenyewe alibatizwa mwaka 1943. Kwa hiyo mzazi Mwislamu aliyetaka mtoto wake asome alikuwa na uamuzi mgumu. Wapo waliowaacha watoto wote msikitini, na wapo ambao mtoto mmoja alipita mlango wa misheni na wengine wakabaki. Familia yetu ni ya kundi la pili.

Hata neno tunalotumia linasimulia. Tanzania na Kenya wengi husema Krismasi, neno lililopita kwa Waingereza, ingawa Wakatoliki wa huko husema pia Noeli. Sisi husema Noheli, kutoka Kifaransa, na mwaka mpya tunauita Ubunani, neno lililozaliwa na salamu ya Kifaransa ya mwaka mwema. Kiswahili cha Biryogo kiliyachukua yote mawili kutoka Kinyarwanda bila kuona haya.

Sasa tuangalie ugumu wa karatasi. Katika mila ya Kinyarwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe siku ya kumpa jina. Ndugu watano wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata silabi moja. Hatuna jina la ukoo linalorithiwa, kwa hiyo mbinu ya Wazungu ya kulifuata jina moja vizazi na vizazi haifanyi kazi hapa. Waislamu wa Biryogo kwa upande wao hufuata mnyororo: jina la mtu, la baba yake, kisha la babu yake. Familia yenye dini mbili basi ina mifumo miwili ya majina, na dada na kaka wanaweza kuonekana katika karatasi kama watu wasiojuana kabisa. Ikulu ya zamani ilikuwa na abacurabwenge, wataalamu waliohifadhi nasaba ya wafalme kichwani na kuisoma kwa mpangilio. Fundi cherehani wa Biryogo hakuwa na mtaalamu wa kumhifadhia nasaba yake. Alikuwa na meza ya sikukuu.

Hati ya kwanza mezani kwetu ni mbuzi. Bibi ni Mkatoliki, na marehemu babu alikuwa Mkatoliki. Hata hivyo, mbuzi wa Noheli hachinjwi na mtu wa nyumbani. Asubuhi ya tarehe 24 Desemba huja mwanamume kutoka nyumba ya kaka yake bibi, anachinja kwa Bismillahi, anakunywa chai, anaondoka. Tangu utotoni tulichukulia kuwa ndivyo mbuzi wa Noheli wanavyochinjwa kila mahali. Ukiuliza sababu, unapata masimulizi mawili. Bibi anasema ilikuwa ni urahisi tu: wageni wa dini zote wale sufuria moja, kuliko kupika mara mbili. Nyumba ya kaka yake inasimulia vingine. Wanasema bibi alipobatizwa ili afunge ndoa kanisani, kaka yake hakuhudhuria harusi, na kwa muda hawakusemezana. Noheli iliyofuata babu alikwenda mwenyewe mlangoni kwa shemeji yake, akiwa na mbuzi hai kwenye kamba, akamwomba amchinjie.

Mtafiti afanye nini na masimulizi mawili? Nimejiuliza kila upande unapata faida gani kwa kusimulia hivyo. Bibi ana sababu ya kuficha ugomvi, na nyumba ya kaka yake ina sababu ya kuonyesha kwamba walibembelezwa. Lakini katika mambo matatu wanakubaliana: kwamba aliyeanzisha ni babu, kwamba ilikuwa Noheli ya kwanza baada ya harusi, na kwamba tangu hapo mchinjaji hutoka nyumba ileile. Hayo matatu ndiyo ninayoyaandika kama historia. Mengine nayaandika kama masimulizi, pamoja na majina ya waliosimulia. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mbuzi ananieleza kitu ambacho hakuna cheti kinachokisema: mwanamke mwenye jina la ubatizo katika kitabu cha parokia na mwanamume mwenye mnyororo wa majina ya Kiislamu katika cheti chake cha ndoa walizaliwa tumbo moja.

Hati ya pili ni kalenda. Mjomba wangu mmoja amepewa jina la sikukuu yenyewe kwa sababu alizaliwa wiki ya Noheli. Kitambulisho chake kinasema mwaka 1970. Bibi hajui mwaka, ila anakumbuka jambo moja: alijifungua katika wiki ambayo Idi na Noheli zilikuja pamoja, na watoto wa kaka yake walikuwa wamemaliza kufunga wakawa wanakula mchana kutwa. Kwa mtu anayefuatilia nasaba, maneno hayo yana thamani kuliko tarehe ya kitambulisho. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kila mwaka na kuzunguka majira yote kwa takriban miaka 33. Idi el-Fitri iliangukia wiki ya Noheli mwaka 1935, Idi ikiwa karibu tarehe 27 Desemba. Iliangukia tena mwaka 1968, karibu tarehe 21 au 22 Desemba, na tena mwaka 2000, tarehe 27. Mwaka 1974 pia sikukuu mbili zilikutana, karibu tarehe 24, lakini hiyo ilikuwa Idi ya kuchinja, ambayo haitanguliwi na mwezi wa kufunga. Mwaka 1970 Idi el-Fitri ilikuwa karibu na mwanzo wa Desemba, mbali na Noheli. Kadi ya ubatizo ya mjomba, ambayo haionyeshi siku ya kuzaliwa, ina tarehe ya ubatizo ya Machi 1969. Kwa ushahidi huo wote, mjomba alizaliwa Desemba 1968. Bibi asiyejua mwaka alikuwa na tarehe sahihi kuliko serikali, na aliihifadhi katika chakula cha watoto wa jirani zake Waislamu ambao ni damu yake.

Hati ya tatu ni daftari. Tangu Desemba 1995 bibi huandika katika daftari la shule orodha ya nyumba zinazopelekewa sahani ya Noheli. Sahani hujazwa wali, nyama, viazi na isombe, hufunikwa, na watoto hutumwa nazo mchana. Siku ya Idi sahani hizohizo hurudi na pilau. Mpangilio wa orodha haubadiliki. Kwanza nyumba ya kaka yake. Pili dada yake babu, ambaye Kinyarwanda kingemwita nyirasenge wa mama yangu, mwenye heshima ya kupelekewa paja. Kisha wapwa, kisha wakwe. Nikiifuata orodha naweza kuchora mti wa ukoo wa vizazi vitatu vya walio hai, na urefu wa umbali kutoka kwa bibi unaonekana katika ukubwa wa kipande cha nyama.

Lakini nyumba ya tatu katika orodha haina undugu nasi wa damu wala wa ndoa. Ni ya Waislamu walioishi nyuma ya ua wetu, ambao mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, waliwaficha mama yangu na mdogo wake chini ya dari ya duka kwa majuma kadhaa. Habari kama hizo zimesimuliwa sana kuhusu Waislamu wa Biryogo, ingawa mtaa huu nao ulimwaga damu. Nilipokuwa nikichora mti nilimuuliza bibi nyumba hiyo niiweke wapi. Alijibu kwa kunionyesha daftari: imekwisha kuwekwa, ni ya tatu. Michoro ya nasaba ina mstari wa uzazi na mstari wa ndoa tu. Daftari la bibi lina mstari mwingine, na bila mstari huo nusu ya mti isingekuwepo, nami nisingekuwepo wa kuuchora.

Wasiokuwemo katika daftari wana nafasi yao pia. Kabla ya kula, bibi hutaja majina ya wale waliouawa, kila jina na mzazi wake, polepole. Watoto hutakiwa kunyamaza. Kwa baadhi yao, hapo ndipo mahali pekee majina yao yalipobaki. Nimeyaandika kwa mpangilio wake, maana anawataja kwa nyumba, na mpangilio huo ni nasaba kamili.

Hapa lazima niseme jambo linalofanya kazi hii iwe nzito katika nchi yetu. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwaandika Wanyarwanda katika makundi, Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na kuyatia makundi hayo katika vitambulisho. Vitambulisho hivyo ndivyo vilivyoulizwa kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994. Baada ya hapo maandishi hayo yaliondolewa. Kwa hiyo mzee akisikia kijana anauliza asili ya watu, ana haki ya kushtuka. Mwanzoni mwa utafiti wangu wazee wawili walikataa kuongea, nami sikuwalazimisha.

Nilichojifunza kutoka meza ya Noheli ni kwamba kuna maswali mawili yanayofanana kwa sauti lakini hayana ujamaa. Moja huuliza: huyu ni wa kundi gani? Jibu lake ni neno moja, na neno hilo halimjui mtu yeyote. Lingine huuliza: huyu anapelekewa sahani na nani, na kwa nini? Jibu lake ni hadithi yenye majina, deni na shukrani. Vitambulisho vya wakoloni vilijibu swali la kwanza. Sikukuu hujibu la pili. Mtafiti wa nasaba anayeanza na la pili hatafunguliwa kila mlango, lakini atakapoingia ataingia kama ndugu.

Njia hii ina mipaka yake. Desturi hubadilika, na kumbukumbu hupendelea upatanisho kuliko ugomvi. Baadhi ya masheikh na baadhi ya wachungaji hawapendi mchanganyiko wa namna hii, na katika ukoo wetu wapo wasiofika Desemba, wengine wasiofika siku ya Idi. Kutofika kwao nako kuna historia yake, ambayo daftari haliisemi. Ndiyo maana desturi zipimwe kwa karatasi pale karatasi zilipo, kama nilivyofanya kwa tarehe ya mjomba.

Wanafunzi wenzangu watakaorudi nyumbani likizo ya Desemba wanaweza kuanza na maswali matatu rahisi: nani huchinja, nani hupelekewa chakula cha kwanza, na nani hutajwa kabla ya kula. Waandike majibu usiku huohuo, pamoja na jina la aliyejibu. Bibi zetu wamekuwa wakiyatunza majibu hayo kwa mikono yao, sahani baada ya sahani, na hawatakuwepo kila mwaka.