Vikuzaneva na maumivu katika ugwe wa mgongo

Vikuzaneva ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili seli za neva zikue, zichipue na zisife mapema. Zinazohusika zaidi na maumivu ni mbili: NGF, ya kwanza kugunduliwa, na BDNF, iliyochujwa kutoka ubongo wa nguruwe mwaka 1982 na Yves-Alain Barde na wenzake nchini Ujerumani. Kwa mtoto aliye tumboni kazi ya protini hizi ni ujenzi. Kwa mtu mzima, protini hizohizo huchangia kuamua kama mguso mwepesi utapita bila kutambuliwa au utamtoa mtu machozi.

NGF iligunduliwa na Rita Levi-Montalcini, daktari Myahudi wa Turin, Italia. Sheria za kibaguzi za 1938 zilimwondoa chuoni, naye akaendelea kuchunguza viinitete vya kuku chumbani kwake. Baada ya vita alikwenda St. Louis, Marekani, kufanya kazi na Viktor Hamburger. Huko aliona kwamba uvimbe wa saratani ya panya ukipandikizwa kwenye kiinitete cha kuku, neva huukimbilia kwa wingi usio wa kawaida. Mwanakemia Stanley Cohen akakitafuta kitu kilichoziita neva hizo, akakipata tele katika sumu ya nyoka na katika tezi za mate za panya dume. Levi-Montalcini na Cohen walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1986.

Kwa miaka mingi NGF ilihesabiwa kuwa suala la ukuaji tu. Mwaka 1993 Gary Lewin, Lorne Mendell na wenzao walionyesha kwamba panya mzima akidungwa NGF, joto huanza kumuuma upesi kuliko kawaida, na saa kadhaa baadaye kubonyezwa nako huuma. Kupishana huko kuna maana, kwa kuwa mambo mawili yanatokea mahali pawili.

La kwanza hutokea penye jeraha. Seli za ngozi na za kinga humwaga NGF, nayo hushika kipokezi kiitwacho TrkA kwenye ncha za neva za maumivu. Mlango wa TRPV1, uleule unaofunguliwa na ukali wa pilipili, huanza kufunguka kwa joto dogo. Ndiyo sababu maji ya vuguvugu humchoma aliyeungua jua.

La pili ni la polepole. NGF humezwa ndani ya neva pamoja na kipokezi chake na kusafirishwa hadi kwenye fundo la neva kando ya uti wa mgongo. Humo huamuru jeni zitengeneze BDNF zaidi, ambayo hupelekwa hadi pembe ya nyuma ya ugwe wa mgongo na kumwagwa kwenye sinapsi. BDNF hushika kipokezi cha TrkB, na kutokana na hapo vipokezi vya glutamati vya aina ya NMDA hufunguka kwa urahisi zaidi. Taarifa ileile ya neva sasa huzaa jibu kubwa zaidi. Clifford Woolf alikwisha kuonyesha mwaka 1983 kwamba ugwe wenyewe hubadilika baada ya jeraha. Vikuzaneva vilieleza sehemu ya jinsi unavyobadilika.

Neva yenyewe ikikatwa au kubanwa, BDNF hupata chanzo kingine: mikroglia, seli za kinga za ugwe. Utafiti wa Jeffrey Coull na wenzake, uliochapishwa 2003 na 2005, ulionyesha kwamba BDNF hiyo hupunguza KCC2, pampu inayotoa kloraidi nje ya niuroni. Kloraidi ikijaa ndani, kemikali ya GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza, hupoteza nguvu, na wakati mwingine huchochea. Mgonjwa anayesema shati linamuuma ilhali kidonda kimepona mara nyingi huambiwa ni mawazo tu. Si haki. Badiliko la namna hii ni la kimwili, ingawa jicho halilioni. Mwaka 2015 ilibainika pia kwamba njia ya mikroglia huhitajika kwa panya dume, huku majike wakifika kwenye maumivu yaleyale kwa njia nyingine, onyo kwa waliozoea kupima madume peke yao.

Si kila kikuzaneva huzidisha maumivu. GDNF, ya ukoo mwingine, ikiingizwa kwenye ugwe wa panya mwenye neva iliyojeruhiwa hupunguza maumivu.

Upande wa pili wa habari umo katika ugonjwa adimu wa kurithi unaotokana na hitilafu katika jeni ya TrkA, iliyotambuliwa na Yasuhiro Indo na wenzake nchini Japani mwaka 1996. Watoto wenye hitilafu hiyo hawahisi maumivu wala hawatoki jasho. Hujiuma ndimi, huungua na kuvunjika mifupa bila kulia.

Dawa ya tanezumab, kingamwili inayoikamata NGF, ilipunguza maumivu ya magoti na nyonga zilizochakaa. Lakini baadhi ya wagonjwa viungo vyao viliharibika kwa kasi, na mwaka 2021, baada ya jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani kuipinga kwa kura 19 dhidi ya 1, watengenezaji waliiacha. Kingamwili za aina hiyo zimeidhinishwa kwa wanyama: bedinvetmab kwa mbwa na frunevetmab kwa paka. Kuizuia BDNF ni kugumu zaidi, kwa sababu ubongo huitegemea katika kujifunza na kukumbuka.